California: Kanuni ya theluthi mbili ilivyomgharimu mzabuni

NOVEMBA 2, 2010 wapiga kura wa jimbo la California, Marekani, waliamua kwa asilimia 55 kwamba bajeti ya jimbo lao ipitishwe na Bunge kwa wingi wa kawaida wa kura badala ya theluthi mbili. Ukiisoma juu juu hiyo ni habari ya siasa na kanuni za Bunge. Kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiliuzia jimbo hilo karatasi, vyakula vya magereza na huduma za usafi, ilikuwa habari ya fedha taslimu.

Tunaileta katika ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwa wasomaji wetu wapo wenye hatifungani za serikali na wapo wazabuni wenye ankara zinazosubiri Hazina, na makundi hayo mawili hudhani hatari yao ni moja. Siyo moja. Pili, California si jimbo dogo: uchumi wake ukihesabiwa peke yake unaingia katika kumi kubwa duniani. Jimbo la namna hiyo linapokosa fedha za kumlipa mwenye duka la vifaa vya ofisi, inafaa kuuliza kasoro ilikuwa wapi.

Kasoro, kwa sehemu kubwa, ilikuwa katika hesabu ya kura.

Bunge la California lina mabaraza mawili: Seneti yenye wajumbe 40 na Asembli yenye wajumbe 80. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kama ilivyo kwetu, na Katiba ya jimbo inalitaka Bunge limpelekee Gavana bajeti ifikapo Juni 15. Mwaka 1933 liliingizwa sharti kwamba bajeti iliyozidi ile iliyotangulia kwa zaidi ya asilimia 5 ihitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Mwaka 1962 sharti hilo likafanywa la kila bajeti, iwe imepanda au haikupanda. Halafu Juni 1978 wananchi wakapitisha Pendekezo la 13, lile maarufu lililoweka kikomo cha kodi ya majengo na ardhi kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Ndani yake kulikuwa na kifungu kingine ambacho hakikuzungumzwa sana wakati ule: kodi yoyote ya jimbo haitapandishwa bila theluthi mbili ya Bunge.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 2000, kutumia kulihitaji theluthi mbili, na kutafuta fedha za kutumia nako kulihitaji theluthi mbili. Kufikia 2010 ni majimbo matatu tu ya Marekani yaliyokuwa yakidai wingi wa namna hiyo kwa bajeti: California, Arkansas na Rhode Island.

Tufanye hesabu. Theluthi mbili ya Seneti ni kura 27, hivyo maseneta 14 wakisema hapana bajeti haipiti. Katika Asembli zinatakiwa kura 54, na wajumbe 27 wanatosha kuizuia. Chama cha Democrat kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, lakini hakikufika theluthi mbili. Chama cha Republican kilikuwa na wajumbe wachache, lakini kilikuwa na hao 14 na hao 27. Mwenye wingi alitawala jina, mwenye uchache alishika mpini.

Msomaji wa Tanzania atashangaa kidogo. Ibara ya 90 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, kwa hiyo mbunge anayesema hapana pale Dodoma anaweka kiti chake rehani. Gavana wa California hana uwezo huo. Mjumbe aliyekataa hakupoteza kitu. Alirudi hotelini kusubiri. Walioumia kwa kusubiri walikuwa wengine.

Bei ya kura ya mwisho

Mfanyabiashara yeyote anajua kwamba shehena ikikosa sahihi moja tu bandarini, mwenye sahihi hiyo anakuwa mtu mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa Sacramento, makao makuu ya jimbo.

Februari 2009 pengo la bajeti lilifikia karibu dola bilioni 42. Baada ya vikao vya usiku kucha, kura ya mwisho iliyokosekana katika Seneti ilitolewa na Abel Maldonado wa Republican. Hakuitoa bure. Alitaka wananchi wapelekewe pendekezo la kubadili uchaguzi wa awali, ili wagombea wote washindane kwenye karatasi moja bila kujali chama na wawili wa juu waende raundi ya mwisho. Pendekezo hilo lilipigiwa kura Juni 2010 na likapita. Yaani utaratibu wa uchaguzi wa jimbo zima ulibadilika kwa sababu bajeti ilipungukiwa kura moja.

Katika makubaliano hayo hayo, makampuni yanayofanya biashara katika majimbo mengi yalipewa nafasi ya kuchagua, kuanzia 2011, namna ya kukokotoa sehemu ya faida inayotozwa kodi California. Kampuni yenye mauzo makubwa nje ya jimbo ingechagua njia moja, nyingine ingebaki na ya zamani, kila moja kwa manufaa yake. Pendekezo la 24 la Novemba 2010 lilijaribu kuifuta nafuu hiyo na ingine mbili, likashindwa. Uchaguzi huo wa kukokotoa kodi uliondolewa kwa kura nyingine ya wananchi mwaka 2012.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watetezi wa theluthi mbili hawapendi kulisema. Kanuni hiyo ilinadiwa kama ngao ya mlipa kodi mdogo. Huenda ilizuia kodi kadhaa. Lakini ngao hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma, na walioujua mlango walikuwa wenye mawakili na wapambe wa kudumu Sacramento. Mwenye karakana ya kutengeneza magari ya polisi hakuwa na mpambe. Yeye alikuwa na ankara.

Ankara zilipogeuka karatasi

Bajeti ya Februari 2009 haikudumu. Uchumi ulizidi kuanguka, mapato yakashuka, na Mei 19 wananchi wakakataa mapendekezo matano kati ya sita yaliyohusu bajeti. Pengo likafunguka upya kwa zaidi ya dola bilioni 20. Kuliziba kulihitaji tena theluthi mbili, na Julai 1 ikafika bila makubaliano.

Julai 2, 2009 Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, John Chiang, alianza kutoa hati za ahadi ya kulipa badala ya hundi. Jimbo lilikuwa halijafanya hivyo tangu 1992, na kabla ya hapo tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Zilitolewa hati zipatazo 450,000 zenye thamani ya dola bilioni 2.6, kwa riba ya asilimia 3.75 kwa mwaka. Waliozipokea ni wazabuni, serikali za wilaya na walipa kodi waliokuwa wakidai marejesho.

Wenye hatifungani hawakupewa hati. Walilipwa fedha zao kwa tarehe zake. Hili ndilo jambo la kushika, kwa sababu wengi hulikosea. Katika Katiba ya California mapato ya jimbo yana foleni: mbele zimekaa shule za umma, nyuma yake madeni ya hatifungani, ndipo wanafuata wengine. Mzabuni yuko mkiani. Bunge likikwama, mwenye hatifungani anaona bei ya karatasi yake ikishuka sokoni. Mzabuni anakosa fedha za mishahara siku ya Ijumaa.

Mabenki makubwa yalizipokea hati hizo kwa siku chache. Bank of America, Wells Fargo, JPMorgan Chase na Citi yalitangaza kuwa mwisho ni Julai 10. Baada ya hapo mteja alitafuta benki ndogo au chama cha kuweka na kukopa, au akakaa na karatasi yake. Pakazuka watu wa kuzinunua kwa bei pungufu, na Julai 9 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ikatamka kwamba hati hizo ni dhamana kisheria, hivyo anayefanya biashara ya kuzinunua na kuziuza achunge sheria za masoko. Msomaji afikirie: mtu aliuza sabuni kwa gereza, akaishia kuwa mwekezaji katika dhamana bila kupenda.

Tuchukue mfano wetu wenyewe wa kuelezea. Mzabuni ana hati ya dola 10,000 ya Julai 2. Jimbo lilianza kuzilipa Septemba 4, yaani baada ya siku 64. Kwa riba ya asilimia 3.75 anapata kama dola 66. Sasa tuseme kwa siku hizo hizo alikopa benki dola 10,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka ili alipe wafanyakazi na bidhaa. Riba yake ni kama dola 175. Amepoteza dola 109 kwa kosa ambalo si lake. Akishindwa kupata mkopo na kuiuza hati kwa punguzo la asilimia 5, amepoteza dola 500, na katika zabuni nyingi za usafi au chakula hiyo ndiyo faida yote.

Mwenye fedha zilizolala aliyeinunua hati hiyo kwa dola 9,500 alipata zaidi ya asilimia 5 kwa miezi miwili, wakati hawala za Hazina ya Marekani za miezi mitatu zilikuwa zikitoa chini ya asilimia 1 kwa mwaka mzima. Fedha hazikupotea, zilitoka mfuko mmoja zikaingia mwingine.

Wenye hatifungani nao waliguswa, kwa njia ya bei. Julai 6, 2009 kampuni ya Fitch, inayopima uwezo wa wakopaji, ililishusha daraja jimbo la California hadi BBB, ngazi mbili tu juu ya daraja ambalo wawekezaji wengi waangalifu hawaruhusiwi kuligusa. Aliyetaka kuuza hatifungani yake wiki hiyo aliuza kwa hasara. Aliyekaa nayo hadi kuiva alilipwa yote. Na mlipa kodi akabaki na riba ya juu zaidi kwa kila mkopo mpya.

Kuchelewa tu, hata bila hati, kulikuwa na gharama. Mwaka 2008 bajeti ilisainiwa Septemba 23, siku ya 85 ya mwaka wa fedha. Mwaka 2010 ilisainiwa Oktoba 8, siku ya 100, na hiyo ndiyo rekodi. Mahakama Kuu ya California iliamua mwaka 2003 kwamba Mdhibiti hawezi kutoa fedha bila idhini ya bajeti isipokuwa kwa malipo yanayolindwa na Katiba yenyewe, na sheria fulani au sheria za serikali kuu. Kwa hiyo hata kama Hazina ya jimbo ilikuwa na fedha, mzabuni wa mkataba mpya aliambiwa asubiri.

Wananchi walibadili nini

Utaratibu wa California unamruhusu mtu au kikundi kupeleka pendekezo moja kwa moja kwa wapiga kura, mradi akusanye saini. Kwa badiliko la Katiba mwaka 2010 zilihitajika saini 694,354. Pendekezo la 25 lilisukumwa zaidi na vyama vya walimu na wafanyakazi wa serikali. Lilipingwa na chama cha wafanyabiashara wa jimbo, pamoja na makampuni ya mafuta na vileo.

Si mara ya kwanza kwa wazo hilo. Machi 2004 pendekezo la kushusha kiwango hadi asilimia 55, kwa bajeti na kwa kodi pamoja, lilikataliwa na karibu theluthi mbili ya wapiga kura. Watunzi wa 2010 walijifunza. Walishusha kiwango cha bajeti peke yake, wakaiacha kodi palepale, wakatia na chambo: wajumbe wasipomfikishia Gavana bajeti ifikapo Juni 15, hawalipwi mshahara wala posho kwa kila siku inayopita, na hawafidiwi baadaye. Nadhani ni chambo hicho kilichoshinda uchaguzi, zaidi ya hoja yoyote kuhusu wingi wa kura.

Lakini siku hiyo hiyo wapiga kura walipitisha, kwa asilimia 52, Pendekezo la 26 lililofadhiliwa na makampuni makubwa, Chevron ikiwa mbele. Hilo lilipanua maana ya neno kodi ili ada nyingi ambazo Bunge liliweza kuzipitisha kwa wingi wa kawaida sasa zidai theluthi mbili. Kwa mkono mmoja wananchi walirahisisha kutumia, kwa mkono mwingine wakaongeza ugumu wa kukusanya. Aliyesoma kichwa cha habari cha Pendekezo la 25 peke yake hakuipata hesabu nzima.

Jaribio lilikuja upesi. Juni 15, 2011 Bunge lilipitisha bajeti kwa wingi wa kawaida, na kesho yake Gavana Jerry Brown akaikataa yote. Juni 21 Mdhibiti Chiang akatamka kuwa bajeti ile haikuwa na uwiano, kwani matumizi yalizidi mapato kwa dola bilioni 1.85, na akazuia mishahara. Wajumbe walipoteza malipo ya siku 12. Bajeti mpya ilisainiwa Juni 30. Viongozi wa Bunge walikwenda mahakamani, wakashinda, na mahakama ya rufani ikathibitisha mwaka 2014 kuwa kazi ya kupima uwiano si ya Mdhibiti. Kwa hiyo adhabu ipo, ila anayeamua kama imestahili ni Bunge lenyewe. Mkaguzi na mkaguliwa wamekaa meza moja.

Hata hivyo kwa mzabuni matokeo yanaonekana. Tangu 2011 bajeti ya California imesainiwa kabla ya Julai 1 kila mwaka, na hati za ahadi hazijarudi. Daraja la mikopo nalo limepanda: Standard & Poor's ililipandisha jimbo hadi A Januari 2013, A+ Novemba 2014 na AA- Julai 2015. Tusiipe kanuni mpya sifa zote. Uchumi ulifufuka, na Novemba 2012 wananchi walikubali Pendekezo la 30 lililoongeza kodi ya mauzo kwa robo ya asilimia na kodi ya mapato kwa wenye kipato cha juu. Gavana alilipeleka kwa wananchi kwa sababu mwaka uliotangulia alikosa kura chache za Republican za kurefusha kodi za muda kupitia Bunge.

Mabaya nayo yapo. Chama chenye wingi sasa kinaandika bajeti peke yake, na kinachopitishwa Juni 15 mara nyingine ni mifupa. Nyama hufuata katika miswada ya nyongeza ambayo nayo hupita kwa wingi wa kawaida. Miswada hiyo ilikuwa ikijazwa saa za mwisho, hata mfanyabiashara anayeguswa hakupata muda wa kuisoma. Novemba 2016 wapiga kura wakabadili kanuni tena: Pendekezo la 54 linataka kila muswada uchapishwe na kuwekwa kwenye intaneti saa 72 kabla ya kura ya mwisho. Lilipita kwa asilimia 65. Kwa mfuatiliaji wa soko, saa hizo 72 ni mali.

Bei ya kura ya mwisho, kwa upande wa kodi, haijaondoka. Aprili 2017 sheria ya kuongeza kodi ya petroli kwa ajili ya barabara ilipita kwa kura 27 katika Seneti na 54 katika Asembli, bila kuzidi hata moja. Miongoni mwa zile 27 ilikuwamo moja tu ya Republican, ya Seneta Anthony Cannella, na wilaya za kwake zikaondoka na ahadi ya dola milioni 500 za reli na barabara.

Mvutano wenyewe unaendelea. Makundi ya wafanyabiashara yalitaka kupeleka kwa wapiga kura wa Novemba 2024 pendekezo ambalo lingezuia kodi yoyote mpya ya jimbo kuanza bila theluthi mbili ya Bunge na kisha idhini ya wananchi. Juni 20, 2024 Mahakama Kuu ya California iliamuru liondolewe kwenye karatasi za kura, kwa hoja kwamba badiliko kubwa kiasi hicho la mfumo wa serikali haliwezi kufanywa kwa njia ya saini. Kwa hiyo anayenunua hatifungani za jimbo hilo, au kampuni inayoliuzia bidhaa, bado anasoma namba mbili: kura 21 na 41 kwa bajeti, 27 na 54 kwa kodi.